Kadi Iliyohama Mara Nne

Mjomba Godwin alirudi kutoka mafunzo ya Mwanza siku ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi wafanyakazi wake wakakuta meza zote zimesukumwa pembeni. Ukuta mmoja wa ofisi ulikuwa umegawanywa kwa utepe mweusi sehemu tatu, na juu ya kila sehemu ameandika kwa herufi kubwa: BADO, INAENDELEA, IMEKWISHA. Chini ya maandishi hayo palikuwa patupu. Juu ya meza kulikuwa na vibunda vya karatasi za kunata za njano, waridi na kijani.

"Kuanzia leo tunafanya kazi kisasa," alisema. "Tumekuwa tukitengeneza programu kama fundi anayejenga nyumba mwaka mzima bila kumwita mwenye nyumba. Siku ya kukabidhi, mama mwenye nyumba anasema jiko sikulitaka upande huu. Sasa tutakwenda kidogo kidogo. Wiki mbili tunamaliza kipande, tunamwonyesha mteja, anatuambia panapomkera, tunarekebisha. Wiki mbili nyingine, kipande kingine. Wenzetu wanaita ajaili."

Winfrida alisikiliza akiwa ameegemea mlango, na alifurahi kweli. Baadaye watu walimsema kwamba alikuwa na kinyongo na mjomba wake tangu mwanzo. Si kweli. Siku ile aliona kwamba hatimaye wangewafuata wauguzi watakaoutumia mfumo wao kule waliko na kuwauliza wanataka nini.

Alizaliwa Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime, mahali ambapo nyumba zinaishia na mashamba ya mahindi na migomba yanaanza. Alikwenda Dodoma kusomea kompyuta, akarudi na cheti, akakaa nyumbani mwaka mzima na miezi. Godwin, mdogo wa mwisho wa mama yake, ndiye aliyemtoa jikoni. Alikuwa amefungua ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akamwambia dada yake, "Nipe huyo mtoto, nitamfanya mtu." Miaka minne sasa Winfrida alikuwa akiandika programu pale, na kila asubuhi alimsalimia shikamoo kabla ya kuwasha mashine.

Kazi waliyokuwa nayo mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Shirika moja la afya ya mama lilitaka mfumo wa kuitia gari la wagonjwa kwa zahanati kumi na moja za Tarime na Serengeti. Muuguzi akiona mjamzito amezidiwa, angefungua simu aliyopewa, angebonyeza, na ombi lingemfikia dereva papo hapo. Winfrida aliipenda kazi ile kwa sababu yake mwenyewe. Dada yake aliolewa Serengeti, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa juu ya pikipiki, katikati ya barabara, dereva akiwa ameshikilia tochi ya simu.

Ofisini walikuwa wanne. Godwin mwenyewe, Mwalimu Joram, mzee wa miaka hamsini na kitu aliyeacha kufundisha hesabu akajifunza programu kwa vitabu, Makoye, kijana wa Kisukuma aliyefika na kaka yake aliyekuja kuchimba dhahabu, ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu kila kilichoandikwa kabla hakijatoka, na Winfrida.

Siku ya kwanza Godwin aliwaambia kwamba shikamoo ziishie mlangoni. "Hapa ndani sote ni timu. Hakuna mkubwa." Winfrida akajikuta asubuhi inayofuata anamwambia mjomba wake "mambo", na neno lilipotoka mdomoni akaona haya, kama aliyepita mbele ya wazee bila khanga. Mkubwa alikuwepo vilevile. Katika kile kikao cha kusimama cha kila asubuhi, kilichotakiwa kwisha ndani ya dakika kumi na tano, wote walisimama, na Godwin akakaa.

"Jana ulifanya nini? Leo unafanya nini? Nini kinakukwamisha?"

Swali la tatu lilijibiwa wiki ya kwanza tu. Mwalimu Joram alisema, "Kinachonikwamisha ni wewe kunibadilishia kazi katikati ya wiki. Jumatatu ramani, Jumatano fomu ya ripoti. Sijamaliza hata moja."

"Mwalimu," Godwin alisema, "hicho si kikwazo. Hicho ni kisingizio."

Toka siku ile kila aliyeulizwa alisema hakuna kinachomkwamisha. Kikao kikafika saa nzima, wakati mwingine saa moja na nusu. Makoye alizoea kuegemea ukuta na kupumzisha mguu mmoja baada ya mwingine, kama korongo.

Halafu zikaja alama. Kila kadi ilipewa alama kulingana na uzito wake, ili timu ijue inaweza kubeba kiasi gani kwa wiki mbili. Godwin akazijumlisha, akataka ziongezeke kila mara. Ziliongezeka. Kadi ambayo mwezi uliopita ilikuwa na alama tatu, mwezi huu ilipewa nane, na kila mtu aliangalia pembeni wakati inabandikwa. Katika mchoro wa Godwin mstari ulipanda vizuri sana, akautuma kwa shirika.

Lakini kilichowanyonga hasa ni tarehe. Godwin alikuwa ameahidi kwa maandishi kwamba mfumo mzima, na vipengele vyake vyote thelathini na viwili, ungekabidhiwa tarehe mosi Juni.

"Kama tarehe imefungwa na orodha imefungwa," Mwalimu Joram aliuliza siku moja, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua hatasikilizwa, "hiyo kidogo kidogo yenyewe iko wapi?"

Godwin aliendelea kubandika kadi.

Na mwenye nyumba halisi, yaani wauguzi, aliyepaswa kuitwa kila wiki mbili, hakuitwa. Mteja wao alikuwa ofisa mmoja wa shirika, mtu wa Musoma, aliyejibu barua pepe baada ya siku tisa au kumi. Alijua rangi alizozitaka kwenye ukurasa wa kwanza. Zahanati alikuwa anazifahamu kwa majina tu. Winfrida aliomba aende yeye mwenyewe, siku mbili tu, akakae na wauguzi wa zahanati ya bondeni, mbele ya Nyakunguru.

"Hiyo safari ina alama ngapi?" Godwin aliuliza.

"Haina alama, mjomba. Ni kwenda kuangalia."

"Basi tusubiri tukishakabidhi."

Hata hivyo Winfrida hakuhitaji safari ili ajue jambo moja. Kila anayekwenda huko bondeni anajua kwamba mtandao unakuja na kuondoka, na mahali pengine mpaka upande juu ya kichuguu ndipo simu iite. Na programu aliyokuwa akiiandika ilikuwa na kasoro aliyoiona mapema: muuguzi akibonyeza, tiki ya kijani na maneno "Ombi limetumwa" vilitokea hapo hapo, hata kama ujumbe ulikuwa bado umelala ndani ya simu. Akachukua karatasi ya njano, akaandika: Mtandao ukikatika, muuguzi aone nini? Akaibandika upande wa BADO.

Wiki mbili za kwanza iliachwa, kwa sababu Godwin alisema haina cha kumwonyesha mteja. Wiki mbili zilizofuata ilisogezwa mbele ili zile rangi za ukurasa wa kwanza zibadilishwe. Mara ya tatu Winfrida aliivusha mwenyewe hadi INAENDELEA, akaanza kazi Jumatatu, na Jumanne akatolewa akasaidie ramani ya dereva. Kadi ikarudi ilikotoka. Gundi yake ikaanza kuchoka. Alikuwa akiiokota sakafuni asubuhi na kuirudisha ukutani.

Makoye naye alikuwa anapewa kazi za kujaribu Alhamisi saa kumi jioni, na onyesho kwa mteja ni Ijumaa asubuhi. Alizijaribu akiwa amekaa kitini, kwa mtandao wa ofisi ambao haukatiki. Zilifanya kazi.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi Mei, Godwin alisimama mbele ya ukuta ameweka mikono kiunoni. Upande wa IMEKWISHA ulikuwa umejaa mpaka karatasi zinapandana. Upande wa BADO ilibaki moja, ya njano.

"Hii nayo ina nini?"

"Hiyo haijaanza, mjomba," Winfrida alisema. Neno bosi halikumjia, wala jina.

"Ujumbe hauendi?"

"Unakwenda kama mtandao upo."

"Basi unakwenda. Na ukikatika, ukirudi utakwenda. Kweli si kweli?"

"Kweli. Lakini tiki inatokea kabla. Muuguzi atadhani..."

"Tutairekebisha wiki mbili zijazo. Si ndiyo maana ya ajaili? Tunatoa, tunarekebisha." Alimgeukia, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka. Alikuwa amekonda miezi ile. "Winfrida, nimeahidi watu. Jumatatu wanakuja na wageni wao. Nikisema moja imebaki, wataniuliza zile nyingine zikoje. Ihamishe."

Winfrida hakusogea.

"Ihamishe wewe mwenyewe. Timu inajiongoza."

Mwalimu Joram alikuwa anatazama kioo cha mashine yake. Makoye alikuwa ametoka nje. Winfrida aliibandua ile karatasi, akapita nayo hatua tatu, akaibandika chini ya IMEKWISHA. Haikunata, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika.

Mfumo ukakabidhiwa kwa hotuba na soda. Wauguzi walipewa semina ya nusu siku ukumbini, wakapewa simu mpya, wakaambiwa kuanzia sasa wasimpigie dereva, wabonyeze tu, ili kila ombi lionekane kwenye takwimu za shirika. Winfrida alikuwepo. Alikuwa amebeba waya za kuchajia. Angeweza kunyoosha mkono akasema.

Zile "wiki mbili zijazo" zilijaa kadi mpya. Ya njano haikuwemo, maana ilikuwa imekwisha.

Ilikuwa Jumatano, wiki ya tatu. Wamesimama kwenye kikao cha asubuhi, saa nne imeshapita, simu ya Makoye ikaita. Godwin alikunja uso. Makoye akaikata. Ikaita tena.

"Ni kaka," alisema, akapokea.

Sauti ya kaka yake, Mboje, ilisikika chumba kizima, kwa sababu alikuwa anapiga kelele. "Gari lenu liko wapi? Happy yuko zahanati toka saa moja! Wanasema wamebonyeza, wamebonyeza! Mimi nimekimbia mpaka huku barabarani kukupigia. Gari liko wapi, Makoye?"

Happy alikuwa mke wa Mboje, na mimba yake ilikuwa imetimia. Winfrida alikuwa ameshafika kwenye mashine yake. Akafungua orodha ya maombi ya siku ile. Zahanati ile, iliyo mbele ya Nyakunguru, haikuwa na ombi lolote. Alifungua tena, kana kwamba lingekuja kwa kutazamwa. Mwalimu Joram akampigia dereva. Dereva alikuwa kituoni kwake, anaosha gari, hana habari.

"Nenda sasa hivi," Mwalimu alimwambia. "Acha maji, acha kila kitu, nenda."

Makoye na Winfrida walichukua pikipiki moja, wakabebana nyuma ya dereva wake. Walipofika, gari la wagonjwa lilikuwa uani, injini haijazimwa, na watu waliokaa chini ya ukuta hawakuinuka kuwapokea. Mboje alikuwa amesimama katikati ya ua, buti zake za machimboni zina tope jekundu, mikono inaning'inia. Makoye alimwendea. Winfrida akaingia ndani peke yake.

Happy alikuwa hai. Alikuwa amelala amegeukia ukuta, amefunikwa shuka mpaka shingoni, na dripu ya maji inaingia mkononi mwake. Juu ya meza ya chuma, karibu na dirisha, palikuwa na kitu kidogo kimefungwa kwenye kitenge cha bluu, na hakuna aliyekishika.

"Shikamoo, mama," Winfrida alimwambia muuguzi.

"Marahaba." Muuguzi aliitwa Domitila, mwanamke mnene wa makamo, mikono ya gauni lake imekunjwa mpaka viwikoni. "Wewe ni wa shirika?"

"Ni wa ofisi ya Tarime. Wanaotengeneza mfumo."

Domitila alitoa simu mfukoni, akamwekea mbele ya macho. Tiki ya kijani. Ombi limetumwa, saa moja na dakika hamsini. Chini yake lingine, saa mbili na nusu. Lingine, saa tatu na robo. Yote yana tiki.

"Zamani nilikuwa napanda kwenye kile kilima pale," alisema. Hakupandisha sauti. "Nampigia dereva, ananiambia nakuja, dada, niko mahali fulani. Nikijua yuko mbali namwita mtu wa pikipiki, au natafuta gari la mgodini, natafuta chochote. Mkatuambia tusipige. Leo nimebonyeza, ikaniambia imetumwa. Nikamwambia huyu binti, vumilia, gari linakuja. Nimemwambia hivyo masaa mawili. Ningejua haliji, ningembeba mgongoni."

Winfrida aliisoma tena ile simu, tiki moja moja.

"Hii programu umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijua huku kwetu mtandao hakuna?"

Kulikuwa na majibu mengine. Makoye alikuwa amefika mlangoni, kasimama nyuma yake, na Winfrida alijua kwamba jibu lolote atakalotoa litasikiwa na wote wawili.

"Nilijua."

Domitila aliirudisha simu mfukoni. "Basi toka nje," alisema. "Nataka kumwosha mgonjwa wangu."

Makoye hakurudi Tarime siku ile, wala ofisini hakurudi tena. Kwenye mazishi ya kichanga Winfrida alikaa nyuma kabisa, pamoja na wanawake asiowajua. Alipomwendea Makoye kumpa mkono, Makoye aliupokea, akauachia, akamsalimia mtu aliyefuata.

Ijumaa Godwin aliita kikao cha kujitazama. Aligawa karatasi, kila mtu aandike kilichokwenda vizuri na ambacho hakikwenda. Ulikuwa utaratibu wao wa kila wiki mbili na hakuna siku mtu alikuwa ameandika la maana, kwa sababu aliyezisoma kwa sauti ni yeye Godwin. Siku ile palikuwa na karatasi mbili tu ukutani. Moja, ya Godwin mwenyewe, ilisema: Mawasiliano yaboreshwe. Ya Mwalimu Joram haikuwa na kitu.

"Uzime mfumo leo, mjomba," Winfrida alisema.

"Siwezi."

"Zahanati nyingine kumi zinaamini ile tiki."

"Wafadhili wanakuja Alhamisi. Wakute nini? Winfrida, fanya marekebisho, kaa hapo, nakupa hata wiki nzima, sitakugusa. Lakini tukizima, tumekwisha."

Aliinuka. Akatoka na daftari lenye namba za wauguzi, akakaa kwenye ngazi, na watu wa dukani chini wakimpita na mabati na misumari, akazipiga namba moja moja. Ile tiki msiiamini. Pigeni simu kwa dereva kama zamani. Mkibonyeza, bonyezeni, lakini pigeni. Wengine walimshukuru. Muuguzi wa zahanati moja ya Serengeti akauliza, "Kwani lile la juzi halikufika? Sisi tulidhani dereva kalidharau. Mungu tu alisaidia, mama alijifungua salama. Nimemsema yule dereva mbele za watu."

Jumatatu shirika lilikuwa na habari zote kutoka kwa wauguzi. Alhamisi hakuja mfadhili, ilikuja barua. Mfumo ukasimamishwa, simu zikakusanywa, na magari mawili ya wagonjwa yakapelekwa kwenye mradi mwingine, kwa sababu yalikuwa ya shirika tangu zamani, na mradi huu ulikuwa umefungwa. Hilo Winfrida hakulitarajia. Alidhani magari yangebaki.

"Umeniua," Godwin alimwambia. Alikuwa anabandua karatasi ukutani, moja baada ya nyingine, anazitupa kwenye boksi bila kuzisoma, na machozi yanamshuka bila kuyafuta. "Kama mimi ni mtu mbaya, ungeniambia. Nilitaka iende tu. Nilitaka iende."

"Mimi ndiye niliyeihamisha, mjomba."

"Usije tena hapa. Siwezi kukutazama."

Nyumbani, mama yake alimwekea chakula na hakukaa naye. Siku ya tatu ndipo aliposema, "Mtoto wa watu amekufa, sibishi. Lakini ungekuja kwangu kwanza. Ndugu yangu umemvua nguo barabarani." Tangu hapo Godwin hakukanyaga nyumba ile, hata kwenye msiba wa shangazi yao.

Sasa Winfrida yuko Sirari, mpakani, kwenye kibanda cha wakala wa forodha. Anajaza fomu za mizigo kwenye kompyuta, na madereva wa malori wanampigia kelele kwa Kiswahili cha ng'ambo, upande wa Kenya, "Sister, hebu harakisha, tumekaa hapa tangu jana!" Ukutani kwake hakuna kitu. Kazi hii ina mwanzo na mwisho, fomu ikigongwa muhuri imetoka, na mtu akimuuliza kama imekwisha anaweza kusema ndiyo.

Ila namba yake wauguzi wanayo. Siku ile aliwapigia kwa simu yake mwenyewe, na wao wakaihifadhi, Winfrida wa gari. Hakuna aliyewaeleza vizuri kwamba magari yameondoka. Wanapiga mara moja kwa wiki, wakati mwingine mara mbili. Mwanzoni alikuwa anawaambia, "Mama, mimi sina gari, sijawahi kuwa nalo." Siku hizi anasema, "Subiri," anageuza kiti, na anaanza kutafuta. Anapigia hospitali, anapigia watu wa pikipiki, anapigia mwanaume mmoja mwenye gari la abiria aina ya Noah.

Jana mchana ilipiga namba ya Serengeti. Foleni ya malori ilikuwa ndefu na dereva mmoja alikuwa amempa karatasi zake zote bila mpangilio.

"Winfrida, ana kifafa cha uzazi," muuguzi alisema. "Nimempa sindano. Nahitaji gari sasa hivi."

Alipiga namba nne bila kupokelewa. Ya tano ilikuwa imezimwa. Mtu wa Noah alipokea mara ya pili, akasema yuko Mugumu, ana abiria, akiwashusha labda baada ya masaa mawili. Winfrida alimpigia tena muuguzi, akamwambia hivyo hivyo, masaa mawili, na labda.

"Umesema labda?"

"Labda, mama. Endelea kutafuta na wewe. Usimngoje."

"Sawa," muuguzi alisema. Alisikika akimwagiza mtu mwingine apande barabarani akatafute pikipiki, na kelele za mgonjwa zikaingia katikati. "Mwambie aje tu. Mwambie aje."

Winfrida aliweka karatasi za dereva yule pembeni, akaanza tena na namba ya kwanza.